Ngano Nyeupe Iliyolala Usingizi wa Pono

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, mama wa watoto watatu, aliyekosa kazi pale nguo za dukani zilipojaa na watu wakaacha kushonesha. Mumewe alikuwa mwashi, leo ana kibarua, kesho hana. Basi wifi yake, mfagizi katika kituo cha utafiti wa ngano, akamletea habari.

"Wanatafuta mtu mwenye mikono mitulivu. Nimekutaja wewe, wifi. Usiniaibishe!"

Aliyempokea alikuwa daktari wa mbegu, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika hadi getini. Alimpa kibano chembamba na suke changa la ngano, akamwonyesha namna ya kufungua kila ua, kutoa vifuko vya chavua bila kuumiza kitu, kisha kupaka chavua ya ngano nyingine. Fundi akafanya kama mtu anayetunga uzi, hata jasho halikumtoka. Tangu siku hiyo akaitwa Mama Sindano, na mumewe naye akapata la kutania: "Mama Sindano, leo umeozesha maua mangapi? Mbona sisi hatualikwi?"

Mishahara ile ndiyo iliyowaweka watoto shuleni. Mama Sindano hakuwahi kulisahau hilo.

Ngano nyeupe ilipendwa na wenye vinu, ila usingizi wake ulikuwa mwepesi mno. Mvua ikiikuta shambani imeshakomaa, punje huchipua zikiwa bado kwenye suke, na unga wake hutoa mkate unaonata kama gundi. Nyekundu haikuwa na shida hiyo sana. Siku moja Mama Sindano aliuliza kwa nini.

"Vinasaba vinavyoipa punje wekundu huipa na usingizi," daktari alimweleza. "Viko vitatu, na kimoja tu kinatosha kuifanya nyekundu. Nyeupe imevikosa vyote. Imekosa rangi, na sehemu ya usingizi ikaenda nayo."

"Sehemu tu?"

"Sehemu tu. Usingizi una vinasaba vingine visivyojali rangi, na hivyo ndivyo ninavyovihangaikia. Nataka punje nyeupe inayojua kulala."

Wakawa wanaozesha nyeupe na nyekundu zenye usingizi mzito, kisha kuchagua nyeupe miongoni mwa wajukuu. Misimu ikapita. Kila walipozilowesha zile nyeupe kuzipima usingizi, zilichipua mbio mbio, na daktari akasema, "Haya, tunaendelea."

Msimu mmoja, mara tu baada ya mavuno, Mama Sindano alitandaza punje mpya kwenye trei zenye karatasi mbichi. Baada ya siku chache trei zote zilikuwa na vijizizi, isipokuwa moja. Punje zake zilikuwa zimevimba kwa maji, basi, hakuna zaidi. Akanywea kwa hofu. Pengine trei ilikuwa na sabuni. Pengine aliiweka karibu mno na dirisha lenye jua.

"Nimeua mbegu za watu," alimwambia mumewe wakila.

"Mwanao wa kwanza naye kila asubuhi tunadhani amekufa," mumewe akajibu. "Nenda kamwambie daktari. Kwani atakumeza?"

Kesho yake akaibeba trei mikononi hadi kwa daktari. Daktari aliinama, akabonyeza punje moja kwa ukucha, akaiona ni imara, haijaoza. Safari hii hakucheka.

"Maji ni yale yale ya trei nyingine?"

"Yale yale."

"Na zote hizi ni nyeupe?"

"Zote, daktari. Nisamehe, sijui nimefanya nini."

"Mama Sindano! Hizi hazijafa. Zimelala usingizi wa pono!"

Wakaziingiza kwenye friji zikiwa zimelowa vile vile, kwa kuwa baridi ya namna hiyo huiamsha ngano iliyolala. Zilipotolewa na kuachwa kwenye joto la chumba, vijizizi vikatoka karibu katika kila punje. Mama Sindano akakaa chini sakafuni, akalia kwa furaha.

Haikuishia hapo. Mbegu ile ilipandwa na kupandwa tena, masuke yake yakanyunyiziwa maji makusudi, nduguze wengi wakashindwa, yenyewe ikalala. Hatimaye ikafika kwa wakulima, akiwemo kaka yake Mama Sindano. Mwaka wa mavuno yenye mvua akampigia simu, akipiga kelele kama mlevi.

"Dada! Wiki nzima inanyesha, na hakuna hata suke moja lililochipua! Mwambie huyo daktari wako Mungu ampe maisha marefu."

Mama Sindano akaenda moja kwa moja ofisini kwa daktari.

"Kaka yangu anakushukuru," alisema. "Na mimi pia." Alitaka kutaja ada za shule, nyumba waliyoezeka, miaka yote ile, lakini akaishia kuushika mkono wa daktari.

Daktari akainuka, akamkumbatia.

"Nami nakushukuru. Ungeweza kuimwaga ile trei na kunyamaza, nani angejua?"

"Nilifikiria!" Mama Sindano akakiri, wakacheka wote wawili mpaka watu wakachungulia mlangoni. Kisha akajifuta machozi, akarudi shambani, maana masuke ya msimu ule yalikuwa yameanza kuchomoza.