Gogo Lililoalikwa Harusini

Wajukuu zangu, nyinyi mlioko mjini, Michenzani na Mbweni na kwengineko, na nyinyi mliobaki shamba, haya nnakuandikieni nyote. Skuli nimeishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Someni taratibu, na hizo simu wekeni kando.

Nnajua mnangoja nianze na ujana wangu, nikuhadithieni nilivyokuwa mkaidi mpaka mtu mzima akanirudi. Ujanani sikupata hata nafasi ya kukosea. Mama yangu alikuwa na jicho kali, na mkono wake mwepesi. Kosa langu kubwa nimelifanya nshakuwa mtu mzima, nina wajukuu wawili, na kijiji kizima kinaniogopa. Aliyenirudi ni dada yangu Kazija, kanizidi miaka sita, na mbele yake nilikuwa mtoto vilevile.

Nnaikumbuka siku ile kwa sababu ilikuwa harusi ya mwanangu wa mwisho, Sharifa. Lakini kwanza nikuelezeni habari ya msitu, maana bila ya msitu hamtaielewa harusi.

Kijiji chetu kiko kusini, kwenye ardhi ya mawe, kule ambako muhogo unapandwa ndani ya vishimo vya jiwe. Kuni zilitoka msituni, boriti msituni, dawa ya tumbo msituni. Siku moja wakaja watu wa mradi, wakakaa na sisi skuli. Wakasema kuna wenye viwanda huko mbali, moshi wao unachafua hewa, na miti inauvuta ule uchafu. Kwa hiyo wako tayari kulipa ili miti ya watu wengine isikatwe. Sisi tuuache msitu wetu usimame. Kila mwaka watakuja wapimaji na tepu zao, na wakiukuta umenenepa, kijiji kinalipwa.

Mzee mmoja akanyanyua mkono. "Yaani mnatulipa kwa kutofanya kazi?"

"Ni kama hivyo, mzee."

"Basi mkwe wangu atakuwa tajiri."

Tukacheka, tukatia sahihi. Mimi nikachaguliwa katika kamati ya kulinda msitu, kwa sababu ya mdomo wangu. Nikapewa filimbi. Wallahi niliipiga filimbi ile mpaka kuku wakanijua. Jirani yangu Bi Pili nilimnyang'anya panga kwa fito mbili, alizokata kuziba banda lake la kuku.

"Fito mbili tu, Mize," akaniambia.

"Wewe mbili, mwenzio mbili. Wapimaji wakija wapime nini, mapengo?"

Akarudi kwake bila ya panga na bila ya fito, na kuku wake wakaliwa na mnyama cheche. Alininunia mwezi mzima, nami nikajiona nimefanya kazi.

Na kweli msitu ulinenepa. Paa wakaonekana tena, kima wakarudi kutuibia mapapai. Malipo ya kwanza tukajengea tangi la maji, na mimi nikawa napita kando ya tangi lile kama nimelizaa. Mpimaji mmoja, msichana mpole, akaniuliza, "Bibi, na kuni siku hizi mnapata wapi?"

Nikamwambia, "Mungu anatupa." Jibu lile lilikuwa la kukwepa, na mimi nilijua.

Maana masufuria hayakuacha kuchemka. Kila wiki Makame alipita na gari lake la ng'ombe, limejaa kuni pomoni. Mimi nnanunua, nnalipa, nnafunga mlango. Zimetoka wapi, sikumuuliza hata siku moja. Niliogopa atanijibu.

Basi ikafika harusi. Wapishi walitoka mjini na masufuria yao makubwa, na Makame akaleta kuni safari tatu. Dada Kazija ndiye aliyekuwa somo wa Sharifa, yeye ndiye wa kumfunda, kumvisha na kukaa naye chumbani mpaka bwana harusi aje. Bila ya somo, bibi harusi hatoki. Dada aliolewa kijiji cha pili, na msitu wa kule haukuwa na mkataba na mtu. Alikuwa mjane, anafuga nyuki humo msituni. Watoto wote wa ukoo wetu wameonjeshwa asali yake siku ya kuzaliwa.

Alifika asubuhi, akasema anapita uani kwanza kuwaamkia wapishi. Akakawia. Aliporudi alikuwa na gogo begani. Alipita nalo katikati ya wanawake waliokuwa wakichagua mchele, akalilaza juu ya mkeka, akakaa kando yake na kulifunika kanga vizuri, kama mtu aliyelala.

Bi Pili akamtazama. "Shikamoo, Bi Kazija. Huyo nani tena?"

"Marahaba. Huyu jirani yangu. Tumealikwa sote. Mimi nimekuja na gari ya abiria, yeye kaja na gari la ng'ombe."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Dada hakucheka. Akaifunua kanga. Kwenye gogo palikuwa na mifereji miwili, imeliwa na waya wa miaka mingi.

"Hapa ndipo nilipotundika mzinga wangu, tangu marehemu mume wangu yu hai," akasema. "Juzi nimeukuta chini umepasuka, nyuki washahama. Mizinga mitano, Mize. Nikadhani wezi wa asali. Kumbe pilau yako."

Nilikuwa nimesimama na upawa mkononi. Nikasema, "Dada, mimi nimenunua tu. Aliyekata ni Makame."

"Makame ana ng'ombe, na ng'ombe hajui mpaka wa kijiji. Wewe unaujua, unaulinda na filimbi. Msitu wako unalipwa usimame, wangu umelala kwenye mafiga yako. Hebu nambie, hiyo hewa wanayoilipia imesafika wapi?"

Sharifa akaita kutoka chumbani, "Mama, somo keshafika?"

Dada akamjibu yeye, kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Nshafika, mwanangu. Lakini sikivuki kizingiti hiki mpaka mama yako aseme mbele ya watu kuni hizi zimetoka wapi. Asiposema, nnamchukua jirani yangu tunarudi kwetu."

Akanyoosha miguu. Mimi nnamjua dada yangu. Alipata kumnunia shemeji yetu mpaka shemeji akaota mvi. Akiondoka siku ile, harusi imeharibika, na udugu wetu nao. Na kusema, wanangu, kungekuwa kwepesi kama Bi Pili asingekuwa pale mbele yangu, na ungo wake mapajani, ananitazama.

Nikauweka upawa chini. "Bi Pili," nikasema, "nilikunyang'anya panga kwa fito mbili. Na mimi nimepikia harusi ya mwanangu kwa msitu wa dada yangu. Si leo tu. Tangu tutie sahihi nnapikia kuni za Makame, nnajua hazitoki kwetu, na sikumuuliza makusudi."

Kisha Bi Pili akaanza kucheka, akacheka mpaka mchele ukamwagika.

"Mize, kwani unadhani mimi nnapikia nini? Makame anaanza kwangu Jumatatu, ndio anakuja kwako Jumanne."

"Kwangu Alkhamisi," akasema mwengine.

"Kwangu anapitia nyuma," akasema mke wa sheha, na hapo hata wapishi wakaacha kukoroga. Kijiji kizima tulikuwa tunalinda msitu mmoja na kula mwengine, na kila mmoja anamficha mwenzake.

Dada alicheka wa mwisho, na kidogo. Akainuka, akajifunga kanga. "Pilau nitaila, chakula hakitupwi. Lakini jirani yangu nnarudi naye." Akaingia kwa Sharifa. Na jioni alirudi nalo kweli, kwenye gari la Makame, yeye kapanda pamoja na gogo lake, na Makame anakwenda kwa miguu.

Wapimaji walipokuja tena, nilimtafuta yule msichana, nikamwambia yote. Akaikunja tepu yake polepole. "Bibi, mimi nilikuuliza hilohilo."

"Nnajua. Na mimi nilikukwepa."

Malipo ya mwaka ule yalipunguzwa, na wapo walioninunia, haki yao. Panga la Bi Pili nilimrejeshea, na kuku wawili juu. Tukapanda mivinje kwenye uwanja uliokuwa mtupu, iwe ya kuni tu, tukate yetu wenyewe. Kijiji cha dada nacho kikaomba mkataba, na baada ya vikao vingi kikapata. Makame siku hizi anabeba kuni za mivinje, na ukimuuliza zimetoka wapi anakuonyesha kisiki. Katika mizinga mitano ya dada, miwili ilirudiwa na nyuki. Mitatu mpaka leo mitupu, na kila nikenda kwake ananipitisha hapo kwanza, ndipo ananipa chai.

Sasa nasaha yangu. Kazi hii ya kulipwa ili miti isimame ni nzuri, msije mkaikataa kwa sababu ya kosa langu. Tangi lile la maji lipo, nyinyi wenyewe mmelinywa. Lakini ukilipwa kwa kulinda chako, tazama mkono wako mwengine unachukua wapi. Nyinyi wa mjini nnakuoneni mnapanda miche mnapigwa picha, kisha jioni mnapigia simu mkaa uletwe kwa pikipiki, mchome samaki, na hamuulizi umechomwa kwa nani. Ulizeni. Jibu likikuuma, bora likuume hapo mlangoni kuliko kuja kuwekewa gogo mkekani mbele ya wageni. Na mkishajua, semeni wenyewe. Mtawaona wenzenu wengi walikuwa wanangoja mmoja tu aanze.

Mungu akupeni riziki isiyomliza jirani, akupeni na ndugu wa kukurudini na akakaa akala pamoja nanyi. Mizinga yenu ijae.

Na hapa Chukwani kwa Sharifa, ninakokaa sasa, nshatoa amri na hata mkwe wangu anaifuata: kuni wala mkaa haushushwi mlangoni mpaka aliyeleta aseme umetoka msitu gani, na mwenyewe nani. Asiyejua arudi nao, na sisi siku hiyo tutakula mkate wa jana.