Mstari wa Tatu

Katika shamba la kahawa nilikokuwa karani, nje kidogo ya Ruiru, tulipiga kura kwa kusimama. Meneja Mzungu alikuwa ameturuhusu kumchagua mtu mmoja wa kutusemea mbele yake. Siku hiyo wagombea watatu walisimama uwanjani, karibu na meza za kuanikia kahawa, wakaamriwa wasigeuke nyuma. Kila mfanyakazi akapanga mstari nyuma ya mtu wake.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka Mau Mau. Askari waliweza kuja na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, mkapangwa mbele yake, na akitikisa kichwa mbele yako, unapandishwa lori kwenda kizuizini. Basi mahali uliposimama, na nani alikuona hapo, halikuwa jambo dogo.

Mgombea wa kwanza alikuwa nyapara mkuu, mtu wa meneja. Wa pili alikuwa fundi wa mashine ya kumenya kahawa, mtu mpole aliyeahidi kutuombea blanketi. Wa tatu alikuwa mkata matawi, rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja. Yeye alitaka kitu kimoja: tukifika kazini tukarudishwa kwa sababu ya mvua, siku hiyo iandikwe kwenye tikiti, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Mshahara ulitoka tikiti ikijaa, na majira ya mvua watoto walilala njaa wakingoja ijae.

Nilisimama kwa rafiki yangu. Mstari wake ulikuwa mrefu kuliko nilivyotarajia, ingawa ulikuwa wa tatu. Kisha nikaona ule wa nyapara unauzidi wa fundi kidogo, na hofu ikanishika. Nilikuwa nimesoma sekondari, nikajiona najua hesabu za siasa. Nilitoka, nikaanza kunong'ona.

"Huyu wetu hashindi. Twendeni kwa fundi, tumzuie nyapara."

Wakaanza kuhama, mmoja mmoja, halafu kwa makundi.

"Haiya, karani!" alisema mama mmoja mchuma kahawa. "Leo umekuwa mchunga mbuzi? Mimi usinipigie mluzi, sina mkia."

"Mama, unapoteza kura yako."

"Ni yangu. Acha niipoteze mwenyewe."

Rafiki yangu alisikia miguu. Hakugeuka, maana walikatazwa. "Karani," aliita, "ni akina nani wanaondoka?"

"Ni wachache tu," nikasema.

Fundi alishinda. Tulipiga makofi. Ndipo nikatazama upande wa tatu. Nyuma ya rafiki yangu walibaki watu watano, yule mama akiwa mmoja wao, wamesimama peupe juani. Mstari ulipokuwa mrefu, hakuna aliyeweza kushika sura za wote. Sasa nyapara alipita mbele yao polepole, akimtazama kila mmoja usoni. Nikaogopa atakumbuka kwamba na mimi nilianzia pale, nikapiga makofi kwa nguvu zaidi.

Wiki haikuisha kabla lori halijaja. Tulipangwa sote, lakini lile gunia lilipita kwetu bila kusimama. Lilitikisa kichwa mbele ya rafiki yangu na mbele ya wale watano. Mguu wake ukiwa tayari juu ya bodi, aliniangalia.

"Ungeniambia kweli," alisema, "ningegeuka niwaambie na hawa waende."

Lori likashika barabara ya Thika.

Nilimkimbilia fundi kiwandani. "Wewe ndiye msemaji wetu. Nenda kwa meneja useme."

"Niseme nini, ndugu yangu? Wale hawakuwa upande wangu."

"Sisi tulikuja upande wako."

"Mlikuja, asante. Mliniwekea sharti gani?" Akafuta mikono kwa kitambaa, akashusha sauti. "Na wewe nyamaza. Watu walikuona ulipoanzia."

Nikarudi ofisini kwenye daftari zangu. Sharti hatukumwekea. Tulimpa kura zetu bure, akajua kwamba tunamwogopa nyapara kiasi cha kutomdai yeye chochote. Blanketi zilikuja, nyepesi. Siku za mvua hazikuandikwa, na hakuna aliyezitaja tena.

Tangu hapo watu wengi wameniambia kwamba kumpigia kura mtu asiyeweza kushinda ni kuitupa. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na watu wakanisikiliza. Lakini mstari ule mrefu haungeingia katika lori moja, na meneja asingeweza kuwaondoa wote huku kahawa ikiiva mitini. Hata ungeshindwa, mshindi, hata angekuwa nyapara, angeamka kila asubuhi akijua kuna wengi wanaotaka jambo la mvua, na wanaoweza kukataa kumfuata. Kazi ya mstari ule ilikuwa hiyo, na mimi niliuvunja kabla haujahesabiwa.

Yule mama alirudi baada ya miaka, na wengine pia. Rafiki yangu hakurudi. Vitu vyake vilibaki chumbani kwetu, na kwa muda mrefu niliogopa kuulizia habari zake, nisije nikaulizwa nilimjua vipi.