Jumanne ya Mkutano, Jumanne ya Utomvu

Verna Choquette alitimiza miaka sitini na mitatu bila kukanyaga mkutano wa mji hata mara moja. Mkutano ni Jumanne ya kwanza ya Machi: wakazi wanakaa ukumbini, wananyoosha mikono, mambo ya mwaka mzima yanakwisha. Lakini kule Vermont, Marekani, Machi ndipo utomvu wa miti ya mepo unapotiririka, na Verna ni mgema, huuchemsha mpaka uwe mzito na mtamu, nao huuita asali. "Utomvu haumngoji mtu," alizoea kusema. "Siasa waachieni wenye viti." Kaya zote sita za barabara ya mlimani, zote za wagema, zilisema hivyo hivyo.

Basi wenye viti wakaachiwa. Jumanne moja watu ishirini na watano walipiga kura kwamba barabara ya mlimani isisafishwe tena theluji. Verna alipata habari dukani, kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na mashine ya kahawa. Akamfuata mwenyekiti, Harlan Stoddard, mpaka nyumbani kwake.

"Tangazo la mkutano lilikaa mlangoni pa ukumbi mwezi mzima, mama," Harlan alisema bila haya. "Ulitaka nije nikushike mkono?"

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomchoma Verna zaidi. Mumewe, Armand, mgonjwa wa mapafu, aliletewa mitungi ya oksijeni kila wiki. Desemba gari la mitungi lilikwama mara mbili, na kabla ya Krismasi Armand akahamishiwa nyumba ya wagonjwa, maili thelathini kutoka kwake. Inatia hasira! Mtu katolewa kwake, si kwa kifo wala kwa ugomvi wa ndoa, bali kwa mikono ya watu wachache waliokuwa na nafasi ya kwenda kuinyoosha.

Verna akapanda na kushuka ule mlima kwa miguu, nyumba hadi nyumba, akikusanya sahihi ili jambo lirudi mkutanoni na Armand arudi nyumbani. Wote walitia sahihi.

"Safari hii watatujua sisi ni nani!" alisema jirani yake, Clovis Bushey, huku akimkatia kipande cha pai.

Jumanne ya mkutano ikafika. Jua likawaka baada ya baridi kali, na utomvu ukaja kwa fujo. Verna aliacha ndoo zake zifurike, akaenda. Alisimama ukumbini akaeleza habari za Armand mpaka sauti ikamkauka. Mikono ikahesabiwa mara mbili: thelathini kwa thelathini. Kura zikilingana hivyo, jambo limeanguka. Akageuka kuwatafuta watu wa mlimani, asimwone hata mmoja.

Alikwenda moja kwa moja mpaka kibanda cha Clovis cha kuchemshia utomvu. Mvuke ulijaa tele, na Clovis alikuwa amesimama mbele ya sufuria, upawa mkononi.

"Eh, mama! Tumeshinda?"

"Tumeshindwa kwa mkono mmoja."

"Lo! Mkono wa nani huo?"

"Huo ulioshika upawa."

Clovis alicheka kidogo, kisha akaona uso wake. "Lakini si nilitia sahihi, Verna? Na leo utomvu nao..."

"Na wangu ulikuwa nini, maji ya kunawa? Umemwagika wote." Akampokonya upawa. "Nenda kwa Armand ukamwambie mwenyewe kwamba ulikuwa na kazi. Nenda sasa hivi. Asali yako haitaungua, nitaiangalia mimi."