Mkono wa Kukamulia

Niliporudi nyumbani kwenye vilima vya Masisi na diploma ya sheria ambayo hakuna aliyeihitaji, nilimkuta mama anakamua ng'ombe akiwa amevaa sweta ya mikono mirefu. Kwetu anayekamua hukunja mikono mpaka juu ya kiwiko, hata asubuhi yenye umande. Nilimuuliza kwa nini. Akasema baridi. Siku nyingine jua likiwa limeshapanda nikamuuliza tena, akanijibu bila kuinua kichwa: "Weye uko avoka, hauko munganga."

Nilikuja kuuona ule mkono alipokuwa anafua. Mkono wa kulia, upande wa ndani, ulikuwa na mabaka mekundu yaliyofifia, ngozi imekuwa nyembamba na inang'aa kama karatasi ya pipi, na vipele vidogo vimetawanyika juu yake. Aliteremsha mkono wa sweta haraka, ukalowa maji ya sabuni.

Kumbe kilima kizima kilikuwa kinajua kabla yangu. Mwanamke mmoja wa kikundi cha maombi kanisani alikuwa ameuona mkono huo wakati wa kupokezana kikapu cha sadaka, akawanong'oneza wenzake kwamba ni ukoma. Hakuugusa. Hakuuliza lolote. Wiki hiyo hiyo wanawake waliokuwa wakinunua maziwa kwetu wakaanza kupita njia ya chini, wasifike kwetu. Halafu yule mzee anayetengeneza jibini, fromaji kama tunavyoiita, mnunuzi wetu mkubwa, akamrudishia mama bidoni ya maziwa ikiwa imejaa.

"Mama, pumzika kwanza mupaka upone," alimwambia.

"Nipumzike, ngombe nao bapumzike?"

"Mi sina neno na weye. Ni batu ya Goma benye banakula fromaji yangu, banaweza kusikia."

Maziwa yale ndiyo yalikuwa nyumba yetu. Yalisomesha wadogo zangu, yalileta chumvi na sabuni, na mimi mwenyewe yalinipeleka chuo kikuu. Sasa mama alikuwa anawapa ndama wanywe mpaka matumbo yanakaza, na mengine anayamwaga nyuma ya zizi, mahali ambapo majirani hawaoni.

Nilikasirika na bado nimekasirika. Niliposema twende kwa daktari, mama alinihesabia wote aliokwisha kuwaona. Muuguzi wa kituo cha afya aliutazama mkono kutoka ng'ambo ya meza, kalamu mkononi, akasema, "Alerji." Alerji ya nini, hakusema. Muuza dawa sokoni hakuutazama kabisa. Mama alimwambia unawasha, yeye akanyoosha mkono nyuma yake kwenye rafu bila kugeuka, akampa tyubu ya pomade. Niliwaza juu ya watu hao wote wenye macho mazima. Mkono wa mtu una eneo la kutosha kuonekana. Ni kazi gani hiyo ya kuuangalia?

Daktari wa ngozi yuko mjini Goma. Tulishuka kwa pikipiki, mama katikati na mimi nyuma, tope mpaka magotini, vizuizi njiani na watu wenye bunduki wakiuliza tunakwenda wapi. Kila mara mama alijibu, "Kwa harusi." Tulipofika mji mdogo wa Sake, njiani, aliniambia angekufa kwa haya kuwaambia vijana wale kwamba anaumwa ngozi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ya chini, taa ndogo mkononi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuushika ule mkono. Hakuvaa glavu. Aliushika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu alichopewa, na nilimwona mama anatazama dari ili asilie. Kisha akamwambia afumbe macho, akamgusa kwa kipande cha pamba, mara juu ya baka, mara pembeni.

"Nimegusa wapi?"

"Hapa. Na hapa. Unanitekenya, Mama munganga."

Akapapasa nyuma ya kiwiko, akitafuta kama mshipa wa fahamu umevimba. Akasema: "Mama, ukoma unaua hisia kwenye baka. Wewe unasikia hata pamba. Na mshipa wako hauna neno. Sioni ukoma hapa."

Nilimuuliza anajuaje kwa hakika. Mama alinikanyaga mguu. Daktari hakuchukia. Alisema hata yeye bado hajajua ni nini. Anajua kwanza kisichokuwepo. Mabaka ya namna hii yanaweza kuwa pumu ya ngozi, yanaweza kuwa alerji kweli, yanaweza kuwa kitu kinachoambukiza, na kila kimoja kina dawa inayoweza kumharibu mwenye kingine. Alitaka kukwangua magamba ayatazame kwa darubini, lakini magamba hayakuwepo. Ngozi ilikuwa laini, imesuguliwa, inanukia samli.

"Umepaka nini?"

"Maji tu," mama alisema.

"Na mafuta?"

"Samli kidogo. Mutu hawezi kuja kwa munganga na ngozi ya majivu."

"Na nini tena?"

Mama akafungua mkoba akatoa ile pomade ya sokoni, imekunjwa mpaka mwisho. Daktari aliisoma, akaiweka mezani taratibu. Alitueleza kwamba dawa hiyo ni kali, inanyamazisha mwasho na wekundu, kwa hiyo mtu anafurahi; lakini inanyamazisha pia ulinzi wa ngozi, na kama chini yake kuna kitu kilicho hai, kinakula kwa amani na kupoteza umbo lake, hata daktari asikitambue. "Acha hii. Acha samli. Usisugue. Rudi kwangu mkono ukiwa mbaya."

Mama alinuna mpaka Sake. "Nimeacha ngombe yangu, nimekula tope njia yote, niambiwe nirudi muchafu," alisema. Kijana wa pikipiki alicheka, naye akamwambia atazame njia.

Ukawa mbaya kweli. Bila pomade yale mabaka yalifura, yakawa mekundu ya kuiva, yakajipanga kuwa miduara yenye ukingo ulioinuka, magamba pembeni, usaha hapa na pale. Usiku nilimsikia anajikuna ukutani. Alinilaumu, na mimi nikawalaumu muuza dawa, muuguzi, mama wa maombi, serikali, barabara. Wadogo zangu walichoka na hasira zangu, wakaacha kukaa karibu nami mezani.

Tuliporudi Goma daktari alitabasamu alipouona, tabasamu ambalo mama hakulipenda. Alikwangua ukingo wa mduara kwa ubavu wa wembe, unga mweupe ukaanguka kwenye kioo, akadondoshea tone la dawa, akasubiri. Nikamwomba nitazame kwenye darubini. Kulikuwa na nyuzi nyembamba zenye matawi, zimepita katikati ya seli za ngozi ya mama yangu kama mizizi.

"C'est un champignon," alisema.

Neno hilo mama analijua kutoka sokoni. "Uyoga? Uyoga inaota kwa mukono yangu?"

"Ndugu yake mdogo, Mama. Fangasi. Sasa nionyeshe unavyokamua."

Mama alisimama, akasogea kwenye kabati la chuma, akachuchumaa, akaegemeza mkono wa kulia kwenye mlango wake kama kwenye ubavu wa ng'ombe, vidole vikivuta hewa. Kila baka lilikuwa pale pale mkono ulipogusana na kabati. Hata mimi nisiyeamini kitu niliona.

"Na ndama wako? Wana maganda ya kijivu, duara duara, machoni na shingoni?"

"Ndama yote iko nayo. Ile iko kawaida."

Kawaida. Miaka mingapi tumeishi na ugonjwa tukiuita kawaida, kisha ukipanda kwa mtu tunauita laana?

Daktari alimwandikia vidonge vya kumeza kwa wiki nyingi, kwa sababu ugonjwa umeingia ndani mpaka kwenye mizizi ya vinyweleo, na dawa ya kupaka kupita kidogo ukingo wa kila duara. Taulo yake isitumiwe na mwingine. Ndama wenye maganda watengwe na mganga wa mifugo awaone. Ugonjwa huu unapita kwa ngozi kugusa ngozi, alisema, hauingii kwa kunywa maziwa. Na mpaka mkono ukauke, mtu mwingine akamue, mikono yake ikiwa imefunikwa.

Nilitaka kusimama kanisani Jumapili niseme yote kwa sauti. Mama alikataa. "Ukisema imetoka kwa ngombe, hakuna mutu atakunywa maziwa kwa hii kilima. Ya kwetu na ya bengine. Utaponyesha mimi, uue bote?"

"Kwa hiyo waendelee kusema ukoma?"

Aliinuka akaenda kuosha bidoni. Asubuhi iliyofuata mimi ndiye niliyekamua, nimevaa sweta, ng'ombe akinipiga kwa mkia na kunibania maziwa, mama amekaa kando anatoa amri. Kisha tukaenda kwa mzee wa fromaji. Mama alikunja mkono wa gauni mpaka juu, mbele ya wote waliopanga foleni na bidoni zao, miduara ikiwa wazi juani.

"Munganga wa ngozi ameishika kwa mikono yake, bila gan ya mukononi. Iko fangasi, niko nakunywa dawa. Huyu mutoto yangu njo anakamua. Unachukua ao hauchukue?"

Mzee alinitazama. "Huyu wa universite? Anajua?"

"Muulize ngombe."

Watu walicheka. Sikucheka. Mzee alifungua bidoni, akanusa, akasimama kitambo akiwaangalia walio nyuma yetu, mmoja baada ya mwingine, kama vile uamuzi ulikuwa wao. Hakuna aliyeondoka kwenye foleni. Akayamwaga kwenye tangi kubwa, pamoja na ya wengine.

Mama hakumshukuru. Alichukua bidoni tupu, akageuka, akapanda kilima bila kushusha mkono wa gauni.