Mashine ya Baridi Katika Chumba cha Mgonjwa

Mume wangu aliungua mwezi wa kumi, kwenye barabara ya Geita, jua likiwa utosini. Alikuwa dereva wa lori la watafiti wa madini. Injini ilichemka, akasimama, na badala ya kuiacha ipoe, yeye aliyekuwa akiwakanya madereva wenzake wasifanye haraka, akafungua mfuniko wa rejeta. Maji ya moto yakamrukia shingoni, kifuani na mikononi. Uso ulisalimika kwa kuwa wakati ule alikuwa amegeuka kumjibu mwenzake aliyemwambia asifungue.

Baada ya wiki tatu hospitalini tuliruhusiwa kwenda naye nyumbani, kwa sababu wodi ilikuwa imejaa, si kwa sababu alikuwa amepona. Daktari alinivuta pembeni.

"Mwalimu, asitoke jasho. Jasho likikaa chini ya bandeji, vidonda havitakauka. Mtafutie mahali pa baridi."

Mahali pa baridi, Shinyanga, mwezi wa kumi. Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa akinitania. Shati lake mwenyewe lilikuwa limemganda mgongoni.

Baridi hiyo, hata hivyo, tulikuwa nayo ukutani. Nyumba tuliyopewa na serikali ilikuwa zamani ya mhandisi mmoja wa Kizungu, na alipoondoka aliacha kiyoyozi katika ukuta wa chumba cha kulala: sanduku la bati, nusu ndani, nusu nje upande wa magharibi. Siku hizo tuliliita mashine ya baridi. Miaka miwili tuliyokaa pale hatukuwahi kuiwasha. Mume wangu alisema inakula umeme kama ng'ombe aliyeingia shambani kwa mtu.

Asubuhi tuliyomrudisha niliiwasha. Ikatetemeka, ikakohoa vumbi, kisha ikaanza kupuliza. Chumba kilipoa mpaka mume wangu akafumba macho. Ilipofika saa nane mchana ilikuwa inapuliza hewa ya vuguvugu, na bandeji zote zilikuwa zimeloa.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi nyingine juu ya zile nilizokuwa nazo. Asubuhi nilifundisha darasa la nne. Mchana nilipanga foleni ya maji, kwa kuwa bomba la nyumbani lilikuwa limekauka tangu mwezi wa nane. Jioni alikuja muuguzi kubadilisha bandeji, nami nilimshikia beseni. Watoto wetu wawili tulikuwa tumewapeleka kwa dada yangu, Nyasubi kule Kahama, na naona aibu kusema kwamba zilipita siku nzima sijawakumbuka. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini kunisaidia. Alikuwa mwanamke mwema, ila miguu ilimuuma, na kazi aliyoiweza ilikuwa kukaa na mwanawe.

Mjini palikuwa na fundi mmoja tu wa majokofu, mzee wa Kihindi mwenye duka karibu na stesheni. Nilimpitia nikitoka shuleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa anaendeleaje?"

Nilimweleza. Akatikisa kichwa.

"Gesi sina. Hapa hakuna, Mwanza hakuna. Lakini usikimbilie gesi. Mashine ikishindwa kila mtu anasema gesi imekwisha. Safisha kwanza. Mji huu una pamba hewani, mwalimu, si vumbi peke yake. Mimi nitakuja nikipata nafasi."

Akanipa bisibisi nikaitumie.

Basi tukaitengeneza wenyewe, mimi kwa mikono, mume wangu kwa mdomo. Mashine alizijua. Ila alikuwa amelala chali, mikono imefungwa mpaka viwikoni, na kila nilichofanya alikiona kwa kupinda shingo iliyoungua.

"Zima kwanza. Chomoa plagi. Umechomoa?"

"Nimechomoa."

"Nionyeshe."

Niliinyanyua plagi aione. Mambo yetu yote ya siku zile yalikuwa hivyo.

Nilipofungua uso wa mashine nilikuta chujio limefunikwa na utando wa kijivu. Niliubandua ukatoka mzima, kama kipande cha blanketi. Nikaliosha chujio, nikalianika, nikalirudisha. Mashine ikapuliza kwa nguvu zaidi. Mchana ikashindwa tena.

Kesho yake nilipanda ngazi upande wa nje. Mgongo wa mashine una mapezi membamba ya bati, mamia, na joto la ndani hutokea hapo. Yalikuwa yamezibwa na nyuzi za pamba kutoka kiwandani, na pembeni nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo. Nilisugua kwa mswaki wa zamani. Mapezi yaliyopinda niliyanyoosha moja moja kwa kisu cha mezani, jua la saa kumi likinichoma kisogo.

"Polepole," alipaza sauti kutoka kitandani. "Hayo ni laini kama karatasi."

"Naona."

"Unanyoosha kufuata urefu?"

"Nimesema naona!"

Nilisimama pale juu ya ngazi na kisu mkononi, nikitamani kushuka, nitoke getini, niendelee kutembea. Sikumwambia mtu. Nilimaliza mapezi.

Ikawa nafuu. Lakini kila siku baada ya saa saba mashine ilianza kulalamika.

"Unasikia nini?" aliniuliza. Yeye maumivu yalimzuia kusikiliza kitu kingine.

"Inaguna. Taa inafifia. Halafu tak! Inakata."

"Umeme hautoshi. Kiwanda cha pamba kimewasha mitambo yote. Ikikata usiiwashe papo hapo, utaiunguza. Zima, hesabu dakika tano, ndipo uwashe."

Tukaacha pasi na jiko la umeme. Nikapikia nje, kwa mkaa. Mama mkwe nilimfundisha kuzima na kuwasha kwa kutazama saa ya mezani, na aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu kuliko mimi.

Siku moja nilirudi kutoka shuleni kabla ya wakati kwa sababu watoto walikuwa wanazimia darasani, mwalimu mkuu akatuachia. Nilipokaribia nyumba nilisikia mashine inanguruma kwa nguvu zake zote. Nikafurahi. Kuingia, nikakuta mlango wa chumba uko wazi, dirisha liko wazi, na chumba kina joto kama jikoni. Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda akimpepea mwanawe kwa ungo.

Nilitupa begi la madaftari sakafuni.

"Mama! Mashine inapoza Shinyanga nzima! Siku ngapi mnafanya hivi?"

Aliacha kupepea. "Mwanangu, mgonjwa anahitaji upepo. Hafungiwi kama kuku anayeatamia."

"Upepo gani? Huo ni moto! Ninapanda ngazi, ninasugua, ninanyoosha, kumbe nikitoka mnafungua!"

Sikuwahi kumpandishia sauti mama mkwe. Usukumani mkwe hapandishiwi sauti, na mimi niliyekulia huko nilijua nimevuka mpaka. Alishusha ungo mapajani, akainamisha kichwa. Hapo mume wangu akasema:

"Mwache mama. Ni mimi ninayemwambia afungue."

"Wewe? Wewe unayenifundisha mashine?"

Alitazama dari. "Mlango ukifungwa nanuka. Nasikia harufu yangu mwenyewe. Mama anakaa hapa siku nzima, anaivuta. Wewe ukiingia nakuona unavyobana pumzi."

Nilitaka kukana. Lakini ilikuwa kweli, nilibana pumzi kila nilipoingia, na nilidhani mtu akifanya hivyo haonekani. Nilikaa sakafuni palepale, kati ya madaftari. Baadaye mama mkwe aliinuka kwa taabu, akafunga dirisha, akafunga mlango, akarudi kwenye kigoda chake ndani, akaketi.

"Mimi nimekuzaa," alimwambia. "Harufu yako ninaijua tangu siku ya kwanza."

Tukapanga upya. Alfajiri, kabla jua halijakaza, tulifungua kila kitu kwa saa nzima na kubadilisha shuka. Saa mbili tulifunga, na hakufungua mtu mpaka jioni. Nje nilisimika miti miwili nikatundika magunia kuukinga ukuta na jua la magharibi. Mume wangu alinionya magunia yawe mbali na mashine, hatua mbili au zaidi, la sivyo itavuta tena pumzi yake yenyewe ya moto. Na nikajifunza kuingia chumbani nikivuta pumzi kama kawaida. Hilo lilichukua muda kuliko mapezi.

Baridi yenyewe haikuwa ya kusifiwa. Mtu aliyetoka nje angesema kuna nafuu, basi. Lakini jasho lilikoma, na wiki ya pili muuguzi alisema vidonda vya kifuani vimeanza kufunga.

Fundi alikuja hatimaye, siku ya Ijumaa baada ya sala. Alisikiliza, akaweka kiganja mbele ya mashine, akazunguka nje akatazama magunia.

"Haina ugonjwa," alisema. "Imezidiwa tu. Jua kama hili hata mpya ingelia."

"Kwa hiyo hakuna cha kutengeneza?"

"Ulishatengeneza, mwalimu."

Alikunywa chai, akakataa malipo, akachukua bisibisi yake akaondoka.

Mchana wa Jumatatu iliyofuata nilijilaza kwenye mkeka kando ya kitanda, nikisema ni dakika kumi. Niliamka jua linazama. Wanafunzi wawili walikuwa wametumwa kuja kuniita kwenye kipindi cha ziada cha jioni, na mama mkwe aliwazuia mlangoni. "Mwalimu amelala," aliwaambia. "Mwambieni mkubwa wenu kwamba mimi nimekataa asiamshwe." Mwalimu mkuu hakuniuliza kitu kesho yake. Nadhani alisikia vizuri.

Mvua za kwanza zilinyesha katikati ya mwezi wa kumi na moja, tukaizima mashine. Mkono wa kulia wa mume wangu haukunyooka tena sawasawa, na usukani wa lori hakuushika tena. Walimpa kazi ya kutunza stoo ya vipuri. Aliifanya kimya kimya kwa miaka mingi, na hakuipenda hata siku moja.

Watoto walirudi Krismasi ilipokaribia. Yule mkubwa alimkimbilia baba yake. Mdogo alipoona makovu ya shingoni alijificha nyuma yangu, na kwa wiki mbili hakukubali kubaki naye chumbani. Mume wangu hakumlazimisha. Kila jioni aliketi barazani, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akimenya karanga kwa mkono mmoja na kuziweka kwenye kisahani upande ule ambao mtoto angeweza kuzifikia.