Amplifaya Kubwa au Waya Mrefu

Mwezi uliopita nilikuwa dukani hapa Singida mjini, nanunua betri za redio, akaingia mpiga gitaa wa bendi ya kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Misigiri.

"Shikamoo, mzee. Naomba amplifaya ya valvu, kubwa kuliko zote. Tutapiga uwanjani, watakuja watu wa vijiji vyote. Safari iliyopita hatukusikika, watu wakaondoka."

"Marahaba," akajibu mwenye duka. "Mliyo nayo ni mbovu?"

"Nzima, ila kelele za jenereta zinaimeza."

Mwenye duka akavua miwani. "Jenereta mnaiweka wapi?"

"Hapo hapo nyuma yetu."

Mzee akaitazama amplifaya kubwa rafuni, kisha akateremsha waya mrefu wa umeme. "Chukua huu. Jenereta ipelekeni mbali, nyuma ya ghala la kijiji."

Kijana aliondoka na waya begani, hakuamini sana.

Juzi nilimkuta tena pale, ananunua nyuzi za gitaa. Uwanja ulijaa, alisema, na watu waliwakataza kuacha kupiga mpaka nyuzi mbili zikakatika.

Mzee alijikosesha biashara kubwa. Nami nawaza mikutano yetu: mtu asiposikika tunamwambia apaze sauti, wala hatuulizi nani ananguruma nyuma yake.