Muhula Mmoja wa Hisabati

Kabla hakijawa ofisi, kile chumba kilikuwa stoo ya mafagio, na harufu ya dawa ya sakafu ilikataa katakata kuhama. Mlangoni walibandika kibao: OFISI YA USHIRIKIANO. Ndani mlikuwa na meza moja, kabati la chuma lililopoteza funguo zake zamani, dirisha lililozuiwa na msumari uliopindwa, na mwanamke ambaye wanafunzi walimwita Madam Fomu. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Ni kwamba kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumwona bila fomu mkononi, na wapo walioapa kwamba hata msibani huja nazo.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha ufundi, cha wale ambao matokeo yao ya sekondari hayakuwafikisha chuo kikuu lakini hayakuwavunja moyo pia. Madam Fomu alikwenda kwenye shule za sekondari za jirani kuwaita watoto waje. Alikwenda kwa waajiri kuwaomba wawapokee kwa mafunzo ya kazi. Na alikwenda chuo kikuu kuwasihi wawachukue waliofaulu vizuri, waanzie mwaka wa pili badala ya wa kwanza. Pande tatu, na yeye katikati, soli za viatu zikiisha. Mkuu wa chuo alionekana siku ya kutia saini tu. Ukutani kwake zilining'inia picha kumi na moja za makubaliano, na katika zote kumi na moja mkuu anashikana mkono na mtu huku macho yake yakiwa kwenye kamera, na pembeni kabisa, nusu ya uso imekatwa, yupo Madam Fomu amekumbatia faili.

Wala hakujali. Vijana kumi na tisa walikuwa wameshaingia chuo kikuu kwa njia ile, na yeye aliwajua wote, nani mama yake anauza nini, nani alilala kwa mjomba ili asome. Alijiona mtu wa maana, na kwa kweli alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa na binti mmoja. Nyumbani walimwita Injinia tangu siku alipoifungua redio ya baba yake, akaifunga tena, skrubu moja ikabaki mkononi na redio ikalia vizuri kuliko mwanzo. Injinia alipenda hesabu jinsi wengine wanavyopenda umbea. Bahati mbaya mtihani wa mwisho wa sekondari aliufanya na homa, akapata alama za kumfikisha chuo cha ualimu na si zaidi. Barua ya kumwita ualimu ilikuja, na mama yake akanunua kitambaa cha sare. Ndipo Jumapili moja Madam Fomu akatokea na fomu zake.

"Ualimu wa nini, dada? Huyu mtoto ni wa mashine. Aje kwangu miaka miwili, halafu moja kwa moja uhandisi, chuo kikuu, mwaka wa pili."

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Makubaliano nimeyapiga chapa kwa vidole hivi hivi. Mimi nikudanganye wewe?"

"Haya. Damu nzito kuliko maji," akasema dada yake. Akakikunja kile kitambaa, akakitia kabatini. Nafasi ya ualimu wakamwachia mwingine, nayo nafasi haingoji mtu.

Sasa sikiliza Madam Fomu alivyojichimbia shimo mwenyewe.

Injinia alipokuwa katika mwaka wa kwanza, kiwanda cha majokofu cha mtaa wa pili kilituma salamu kwamba kinataka kushirikiana na chuo. Madam Fomu akaenda mbio. Meneja alimkaribisha kwenye kiti cha kuzunguka, akamwagizia chai, akasema kwa sauti yake tamu, "Vijana wenu wanajua kukokotoa, lakini mpe bisibisi, anaitazama kama kijiko. Na hizi wiki mbili mbili mnazotuletea ni usumbufu. Tupeni muhula mzima. Wakimaliza, tunaajiri."

Hilo neno "tunaajiri" lilimwingia kichwani likakaa kitako. Kwa siku mbili aliinamia ratiba na penseli na kifutio, akihamisha hiki na kusogeza kile, na masomo ya muhula wa tatu, aliotaka kuutoa kwa kiwanda, yakagoma kupungua. Mwisho akaona somo moja ambalo likiondoka, nafasi yote inapatikana. Lilikuwa Hisabati ya Pili. Akalifuta, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika juu yake: Mafunzo Kiwandani, wiki kumi na nne. Mkuu akatia saini bila kusoma, maana mpiga picha alikuwa anasubiri.

Mwalimu wa hisabati, mtu mwenye maneno machache na chaki nyingi kwenye mikono ya shati, alikuja kusimama mlangoni.

"Madam, njia mbili zilimshinda fisi."

"Fisi hakuwa na ratiba, mwalimu."

Wote waliokuwa karibu wakacheka, na mwalimu mwenyewe akacheka kidogo. "Haya. Lakini chuo kikuu watauliza hisabati yao iko wapi."

"Wakiuliza, tutawajibu."

Alipotoka, wenzake wakasema mzee anatetea vipindi vyake. Madam Fomu naye akasema hivyo hivyo, na hiyo ni dhambi ambayo baadaye ilimtafuna peke yake. Kwa sababu chuo kikuu hakikuuliza. Wala yeye hakukiambia. Ofisi nzima iliyowekwa kwa ajili ya kuambiana, na haikumpitia akilini hata siku moja kwamba anachompa huyu amekitoa mfukoni kwa yule. Alidhani kadiri mikono inavyoshikana mingi ndivyo mtoto anavyobebwa juu zaidi.

Injinia akaenda kiwandani na wenzake ishirini na sita. Mkuu akaagiza kipeperushi kipya cha kuvutia wanafunzi, na kwenye ukurasa wa mbele wakamweka Injinia, kofia ngumu ya njano kichwani, mita ya kupimia umeme mkononi, anatabasamu. Chini yake waliandika: KARAKANANI LEO, CHUO KIKUU KESHO. Madam Fomu alikibandika kimoja juu ya meza yake, na kingine akampelekea dada yake, ambaye alikibandika juu ya cherehani.

Wiki kumi na nne zikaisha. Kiwanda kikaajiri watatu. "Wengine tutawakumbuka," akasema meneja, huku akiuliza kundi la mwaka unaofuata litafika lini. Madam Fomu aliumia, lakini akajipa moyo: wenye alama nzuri bado wana chuo kikuu. Wakahitimu. Injinia akawa wa kwanza. Maombi tisa yakapelekwa, na baada ya mwezi bahasha tisa zikarudi siku moja, zote nyembamba.

Asubuhi ileile Madam Fomu alikuwa amesimama kwenye dirisha la udahili la chuo kikuu. Yeye na afisa udahili walijuana miaka mingi, mwanamke wa rika lake, hata walikuwa wakiulizana habari za watoto. Akamfungulia mlango wa pembeni, akamketisha.

"Dada yangu, nilidhani mmesahau kuambatisha ukurasa. Nikatafuta hisabati ya pili, nikatafuta, sikuiona."

"Tuliiondoa. Tuliweka kiwanda."

"Mliiondoa lini?"

"Mwaka jana."

Yule afisa aliinuka kwenda kabatini. Alivuta faili la makubaliano, akalifungua ukurasa wa nne, akamgeuzia. Kifungu cha saba: upande wowote ukibadili masomo utaujulisha upande wa pili kwa maandishi ndani ya siku thelathini, ama sivyo kupokeana kutasimama. Madam Fomu hakuwa na haja ya kukisoma. Kilikuwa kifungu chake. Alikipigania mwenyewe miaka ile, akiogopa chuo kikuu kisije kikageuza mambo kimyakimya na kuwaacha watoto wake njiani.

"Wafanye tu mtihani wa hiyo hisabati. Wataweza. Huyu wa kwanza hapa ni mwanangu, ni mtoto wa dada yangu, huyu anaweza kuwafundisha hata nyinyi."

"Najua. Si mimi ninayekuzuia, ni hii karatasi. Kamati imeshakaa. Labda waombe upya, mwaka wa kwanza, kama waombaji wengine."

"Kwa matokeo ya sekondari?"

"Kwa matokeo ya sekondari."

Wote wawili walijua maana yake. Kama matokeo ya sekondari yangetosha, hakuna hata mmoja ambaye angepita kwenye stoo ya mafagio. Afisa akampa karatasi ya kujifutia machozi, na Madam Fomu akaitumia yote.

Mkuu wa chuo alimsikiliza hadi mwisho huku akinyoosha picha moja iliyopinda ukutani. "Tutawaandikia barua," akasema.

"Nimeshaandika tatu."

"Basi tuandike ya nne. Ila tafadhali, kwa sasa usilitangaze. Huu ni msimu wa usajili. Tusivunje watu moyo."

Siku ya kwenda kwa dada yake alizunguka mtaa mara mbili kabla ya kubisha. Habari ilikuwa imetangulia, kama kawaida ya habari mbaya. Dada yake alikuwa kwenye cherehani na hakusimama. "Karibu, mgeni," akasema. Mezani, kile kitambaa cha sare kilikuwa kimetolewa kabatini, na alikuwa anakikata foronya. Mkasi ulikwenda taratibu, moja kwa moja, bila chaki. Madam Fomu hakuthubutu kumtazama usoni.

Injinia alikuwa uani anafua. Aliyapokea maneno yote ya mama yake mdogo bila kuinua kichwa, la hisabati, la kifungu cha saba, la penseli na kifutio.

"Nilitaka mpate vyote viwili," akasema Madam Fomu. "Angalau mjifunze mashine kwelikweli."

Injinia akakamua shati, akalitundika. "Mama mdogo, sikugusa mashine."

"Unasemaje?"

"Walitupanga siku ya kwanza. Wavulana wachache kwenye kompresa, sisi wengine kwenye milango. Nilikuwa nafuta milango ya friji kwa kitambaa, halafu nabandika vile vibandiko vya maelezo. Wiki kumi na nne."

"Na ile picha?"

"Mpiga picha alipoondoka waliichukua ile kofia. Na mita."

Madam Fomu akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Mbona hukuniambia, mwanangu? Siku hata moja?"

"Ulikuwa umefurahi," akasema Injinia. "Nikasema si kitu, nitavumilia, nikifika chuo kikuu nitasahau."

Hakulia, na ingekuwa heri kama angelia. Madam Fomu alikaa juu ya ile ndoo akahesabu mwenyewe, yeye ambaye hesabu hakuwahi kuziweza. Alikuwa amechukua somo ambalo mtoto huyu alilipenda kuliko masomo yote duniani akalibadilisha na vibandiko, kisha akashangilia. Alijichukia kwa namna ambayo hakujua mtu anaweza kujichukia na bado akapumua. Akaaga, na dada yake kutoka ndani akajibu, "Haya," bila kusimamisha mkasi.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya shule ya sekondari ya jirani, darasa la mwisho, wanafunzi sitini katika chumba cha arobaini. Njiani alikuwa ameamua. Mkuu na aseme anachosema, leo atawaambia ukweli, na awe wa mwisho kudanganya. Vipeperushi alivilaza mezani kifudifudi, lakini mwalimu wa zamu, kwa wema wake, akavichukua na kuvigawa kabla hajasema neno. Injinia sitini wakamtabasamia, kofia za njano kichwani.

Msichana wa dawati la mbele, mwenye soksi zilizolegea, akanyoosha mkono. "Madam, huyu dada wa kwenye picha sasa hivi yuko chuo kikuu?"

"Hayuko," akasema Madam Fomu. "Yuko nyumbani kwao. Alikuwa wa kwanza darasani na chuo kikuu kimemkataa, na kosa si lake. Ni langu."

Akawaeleza yote, la hisabati na la kiwanda, la watatu walioajiriwa kati ya ishirini na saba. Mwalimu wa zamu akakohoa mara mbili, hakumjali. Aliwaambia kwamba njia ya chuo kikuu imefungwa na hajui itafunguliwa lini, na kwamba kiwandani huenda wakabandika vibandiko. Alipomaliza, kwa mara ya kwanza tangu bahasha zile zije alihisi amefanya jambo moja sawasawa.

Yule msichana alikitazama kipeperushi kwa muda. Akakikunja mara mbili, akakiweka ndani ya daftari.

"Sasa madam," akauliza, bila ubishi, kama mtu anayeuliza njia, "kwani kuna pengine pa kwenda?"

Kwa miaka tisa swali hilo lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa yeye. Madam Fomu akatazama zile nyuso sitini, zote zinamsubiri, akashusha macho kwenye fomu alizozishika.

"Basi nipe fomu," akasema msichana, akanyoosha mkono.

Akampa. Nyuma yake wakasimama wengine, wakapanga mstari kimyakimya kati ya madawati, na yeye akawagawia, mmoja mmoja, mpaka fomu zikaisha.